Nilidhani rangi ndiyo iliyoharibu santuri yangu

Santuri niliyoisubiri miezi miwili ilifika Nairobi mwezi Januari, nyekundu ya kupenyeza mwanga, mfano wa sharubati ya komamanga. Ni benga ya miaka ya 1970 iliyotolewa upya, nyingine nyeusi, nyingine za rangi. Nikashusha sindano, na kabla gitaa halijaingia nikasikia mchakacho kama wa samaki kwenye mafuta moto.

Mzee mmoja anayeuza santuri Kenyatta Market alikuwa ameshanionya: "Mwanangu, za rangi ni za kutazama. Ya kusikiliza ni nyeusi." Siku ile niliamini kila neno.

Kilichonitia shaka ni santuri za babu yangu, zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Ni za lakki, utomvu mgumu wa wadudu, iliyochanganywa na unga wa mawe, nyeusi ti, na zinavuma mwanzo hadi mwisho kwa sababu sindano inapita juu ya chembe za mawe. Weusi haukuziokoa. Nikaanza kusoma. Kumbe plastiki ya santuri za sasa, PVC, kwa asili haina weusi wowote. Weusi ni masizi ya kaboni yanayotiwa kidogo tu. Tena mwaka 1949, RCA Victor ya Marekani ilipoleta santuri ndogo za mizunguko 45, iligawa muziki kwa rangi: kijani kwa kantri, njano kwa watoto, nyekundu kwa muziki wa klasiki. Hapo nilitua kidogo. Muziki wa klasiki una sehemu za ukimya ambapo hata chembe ya vumbi husikika. Kama wekundu ungekuwa na kelele, hapo ndipo ungeumbuka kwanza.

Basi nikamwomba binamu yangu wa Thika aniazime yake nyeusi ya toleo lilelile. Namba zilizochongwa karibu na lebo, pale nyimbo zinapoishia, zilifanana herufi kwa herufi, kwa hiyo nikajua zimetokana na kazi moja. Yake ilikuwa kimya. Lakini yake ilikuwa imeshaoshwa, yangu nilikuwa nimeifuta kwa kitambaa kikavu. Hilo ndilo kosa lenyewe. Hewa ya Januari ni kavu, na ukisugua plastiki inajaa umeme tuli. Nilipoisogeza karibu na mkono vinyweleo vilisimama. Kila uzi wa karatasi ya mfuko wake ulikuwa umeng'ang'ania kwenye mifuo, ile mistari ambamo sindano hupita.

Nilinunua maji safi ya kuongezea betri ya gari (si asidi, soma chupa vizuri), nikatia tone moja la sabuni ya vyombo, nikapitisha kitambaa laini nikifuata mzunguko wa mifuo, lebo nikiifunika isilowe. Nikasuuza kwa maji yaleyale bila sabuni na kuisimamisha kwenye kichanja cha sahani mpaka ikauke yenyewe. Usijaribu spiriti kwenye zile za lakki kama za babu, itaziyeyusha.

Jioni mke wangu alicheza mara 10, ama yangu ama ya binamu akichagua mwenyewe, mimi nimegeukia ukuta nikitaja ni ipi. Nilipatia mara 6, na hata hizo 6 nilikuwa nabahatisha. Mchakacho haukuwepo tena.

Tofauti niliyoiona kweli ni ya macho. Kwenye ile nyekundu, nafasi kati ya wimbo na wimbo haionekani vizuri, kwa hiyo nashusha sindano kwa msaada wa tochi.

Mzee wa Kenyatta Market hakukosea kabisa, nadhani alikuwa akikumbuka zile zenye picha. Ninayo moja. Picha imelazwa katikati na juu yake kuna utando mwembamba wa plastiki angavu, na mifuo imechapwa kwenye utando huo. Niliiosha mara tatu kwa njia ileile na bado inavuma, hasa wimbo unapofifia. Hiyo nimeitundika sebuleni.

Ile nyekundu nilimpelekea Jumamosi iliyofuata. Aliiweka kwenye mashine yake, akainamisha sikio, akaacha upande mzima uishe bila kusema neno, kisha akaigeuza.