Mkurugenzi mpya, sous-traitant (mkandarasi mdogo) mpya: karatasi ipi ya Lubumbashi inakuambia nini

Migodi mingi ya huku Katanga yenye wakubwa ng'ambo hulipa kampuni ya Johannesburg au London imchunguze mtu kabla ya kumpa kazi ya juu. Ripoti inarudi imepangwa vizuri: makosa ya jinai, hakuna, kesi za biashara, hakuna, madeni, hakuna. Saini inawekwa. Mara nyingi mchunguzi alikaa mbele ya kompyuta akatafuta jina, wakati hukumu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kwa sehemu kubwa zimelala kwenye madaftari na mafaili ya greffe (ofisi ya karani wa mahakama). Ukipokea ripoti ya namna hiyo, uliza kila mstari: nani alikwenda ofisi gani, siku gani, akajibiwa na nani? Mstari usio na jibu uhesabu kama haujachunguzwa.

Hata jina lenyewe hupoteza watu. Mkongomani ana jina, post-nom (jina linalofuata) na prénom (jina kama Jean au Marie), na kila karatasi huyapanga inavyotaka. Tangu 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kizungu, kwa hiyo aliyemaliza chuo 1985 ana diploma isiyo na Jean wala Marie, ila pasipoti yake ya leo inayo. Mwamba wa hapa ni Muamba pale. Ilunga na Kasongo ni wengi mno. Mwombe mtu aandike kwa mkono wake namna zote jina lake lilivyowahi kuandikwa, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la baba na la mama. Bila hivyo unaweza kumsafisha mwizi, au kumchafua mtu wa watu aliyefanana naye jina.

Diploma ina mitego yake. Kuanzia 1971 hadi 1981 vyuo vikuu vyote vilikuwa chuo kimoja, UNAZA, na Lubumbashi ilikuwa kampasi yake. Mzee wa ushauri anayekuonyesha diploma ya 1976 yenye kichwa cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) ana maelezo ya kutoa. Neno "licence" nalo limebadilika: mfumo wa zamani ulikuwa graduat miaka 3 kisha licence miaka 2, lakini tangu LMD (mfumo mpya wa licence, master na doctorat) ilipoanza 2021-2022 licence ni miaka 3. Watu wawili wenye neno lile lile kwenye CV hawakusoma muda mmoja. Kuthibitisha, peleka barua kwa mkono, uambatanishe nakala ya diploma, fakultia na mwaka, na urudi na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Anayetuma imeili tu atangoja sana.

Casier judiciaire (rekodi ya makosa ya jinai) huonyesha hukumu. Haionyeshi kesi inayoendelea, na haionyeshi jambo ambalo halikufika mahakamani, na ya wakubwa ndiyo huwa hayafiki: mkurugenzi wa fedha akishikwa, kampuni inaogopa aibu, anaandika barua ya kujiuzulu, anaondoka na hesabu yake ya mwisho, watu wananyamaza. Cheti cha mwenendo mwema cha komini kiweke kwenye faili, usikitegemee.

Halafu cheti cha kazi. Wengi hukisoma kama sifa. Sheria ya Kazi (Code du travail) ya 2002 inamtaka mwajiri aandike aina ya kazi, muda wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na numero ya mfanyakazi ya hifadhi ya jamii (leo CNSS). Kuongeza neno lingine kumekatazwa. Kwa hiyo fundi bora na aliyefukuzwa kwa wizi wa mafuta wanatoka getini na karatasi ileile. Faida yake ni tarehe. Zilinganishe na michango ya CNSS na karatasi za mshahara za mwezi wa kwanza na wa mwisho. Michango ikikosekana, usimhukumu mtu hapo hapo, maana waajiri wasiotangaza wafanyakazi wao wapo. Ila michango ikionyesha miezi 14 na CV ikasema miaka 5, kuna mazungumzo ya kufanya. Na ukiona CV ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, inakatika 2003, kumbuka ile ni ya "départs volontaires" (kuondoka kwa hiari), wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka kwa mpango mmoja. Usiisome kama kufukuzwa.

Numero ya simu ya mdhamini usiipige kama ilivyoandikwa kwenye CV. "Chef wa RH" (mkuu wa wafanyakazi) anayejibu haraka na kusifu sana anaweza kuwa shemeji aliyekaa nyumbani, komini ya Katuba. Tafuta mwenyewe numero ya kampuni, pitia mapokezi, uliza nani alikuwa mkubwa wake miaka ile. Kisha zungumza na watu wa pande tatu: aliyekuwa juu yake, aliyekuwa chini yake, na mfanyabiashara aliyekuwa akileta mali pale. Huyu wa tatu ndiye hujua kama fatura zililipwa kwa zamu au kwa bahasha. Usiulize "alikuwa mtu mzuri?" Uliza alishika bajeti ya kiasi gani, nani alichukua nafasi yake, na kama wangemrudisha. Kimya kirefu kwenye swali la mwisho kiandike pia.

Hatari kubwa ya mtu wa juu hapa Lubumbashi, kwa maoni yetu, ni kampuni ya nyumbani kwake, na hiyo hakuna cheti kinachoionyesha. Sheria ya sous-traitance ya 8 Februari 2017, inayosimamiwa na ARSP (mamlaka ya serikali ya sous-traitance), imetenga kazi hizo kwa kampuni ambazo mtaji wake kwa wingi ni wa Wakongomani. Nia yake ni njema, lakini imezaa pia kampuni za mke, za mdogo wa mke, na za dereva. Kwa hiyo chunguza mkurugenzi wa manunuzi na sous-traitant pamoja, meza moja.

Anza na numero ya RCCM (daftari la biashara). Ikisomeka CD/L'SHI/RCCM/21-B-, ikifuatwa na tarakimu nyingine, imeandikishwa Lubumbashi mwaka 2021, na B ni kampuni. A ni mtu binafsi. Anayedai uzoefu wa miaka 12 kwa numero ya 21 aulizwe alifanya kazi kwa jina gani kabla. Lakini numero ya 14 isikudanganye upande wa pili: Kongo iliingia OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara) 2012, na kampuni za zamani zilizokuwa na NRC (numero ya daftari la zamani) zilijiandikisha upya, kwa hiyo kampuni ya 14 inaweza kuwa ya miaka mingi. Baada ya hapo nenda greffe ya Mahakama ya Biashara, omba statuts (katiba ya kampuni) zilizowekwa, soma majina ya wenye hisa na ya gérant (meneja), na tarehe za hisa kubadilisha mikono. Hisa zilizohama mwezi mmoja kabla ya zabuni zina habari.

Kuna pia CV za kukodi. Sous-traitant anashinda zabuni kwa CV za wahandisi watano, wanaofika kazini ni wengine. Wapigie wahandisi wenyewe kabla ya kusaini, wakubali kwa maandishi kwamba wako huru kwa tarehe zile, na getini picha ilinganishwe na uso. Mwendesha mashine mpe eskaveta nusu saa, umtazame anavyoikagua kabla ya kuiwasha. Na mkataba useme wazi nani anachunguza wafanyakazi wa sous-traitant, kwa sababu mgodi hudhani sous-traitant amefanya, naye hudhani ofisi ya baji ya mgodi imefanya.

Yote haya yafanyike kwa ruhusa iliyosainiwa na mtu mwenyewe, ikitaja ofisi utakazoziuliza. Sheria ya Numeriki (Code du numérique) ya 2023 inalinda taarifa za mtu. Na kwa kuwa majibu mengine yatachelewa, andika muda wa majaribio kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Kwa cadre (mfanyakazi wa ngazi ya juu), sheria inaruhusu hadi miezi 6, ila lazima uwe wa maandishi. Barua ya chuo ikifika mwezi wa nne, bado una miezi miwili ya kuifanyia kazi.