Miaka Miwili Bila Kuuona Uso wa Baba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tusome 2 Samweli 13 na 14. Absalomu alikuwa mwana wa mfalme, mwenye nyumba yake, watumishi na mashamba, tena katika Israeli yote hapakuwa na mtu aliyesifiwa uzuri kama yeye. Lakini Amnoni, mwana mwingine wa mfalme, alipombaka Tamari, dada yake Absalomu, mfalme Daudi alikasirika sana, na hasira ikaishia hapo. Jumba zima la kifalme halikumpa Tamari haki, wala halikumpa Absalomu mtu wa kumweleza uchungu wake. Akanyamaza miaka miwili, kisha akamuua Amnoni.

Alikimbilia nchi ya Geshuri, akakaa huko miaka mitatu. Aliporudishwa Yerusalemu, akakaa miaka miwili mingine katika mji mmoja na baba yake bila kuuona uso wake. Yoabu, jemadari wa Daudi aliyeweza kumfikisha kwa mfalme, aliitwa mara mbili akakataa kuja. Ndipo Absalomu akaamuru shamba la shayiri la Yoabu lichomwe moto. Hapo Yoabu akaja!

Nikifika mstari huo nawawaza vijana wa nyumba zenye uwezo. Mtoto anafukuzwa shule au anakutwa na dawa za kulevya, nasi tunaulizana, "Huyu amekosa nini?" Kisha tunakimbilia kulipa gharama ya shayiri. Mwanasaikolojia Suniya Luthar aliwachunguza vijana wa familia tajiri nchini Marekani katika miaka ya 1990, akakuta wasiwasi na matumizi ya vileo na dawa za kulevya zaidi kuliko kwa wenzao wa familia maskini. Baadaye alitaja mambo mawili yanayochangia: shinikizo la kufaulu, na kuwa mbali na wazazi.

Kanisani tunawaombea vijana wasio na ada, na ni vema. Hawa wengine tunawakumbuka siku ya michango. Yesu alipojiwa na yule tajiri, Marko 10:21 inasema alimkazia macho, akampenda, kabla hajataja mali yake.

Mzazi, keti na kijana wako, simu ikiwa mbali. Usianze na matokeo ya mtihani. Muulize anaogopa nini, na akijibu, usimwahidi kumnunulia kitu. Na akikwambia ameumizwa na mtu wa nyumbani, mwamini, simama naye, wala usilifunike kwa ajili ya jina la familia.