Rubani wa Goba hakuwa mwoga

Tangu Jumamosi simu yangu haijapumzika. Kundi la ukoo la WhatsApp linawaka moto. Binamu yangu kaoa, akakodi chopa imshushe penye sherehe Goba, Dar, chopa ikazunguka juu ya uwanja, ikageuza, ikarudi zake uwanja wa ndege. Bwana harusi kaingia kwenye harusi yake watu wameshamaliza pilau, ndani ya Noah, suti imelowa jasho. Sasa hasira zote ni za rubani. Mwoga. Tapeli. Kanjanja. Shangazi yangu kaniandikia: "Mwanangu, wewe ndiye unayezirusha hizo huko Marekani, tuandikie barua ya Kizungu tudai hela yetu."

Shikamoo shangazi. Barua siandiki.

Video mliyonitumia nimeiangalia mpaka nimeikariri. Uwanja wa shule, mchanga mtupu, mwezi wa pili, mvua hakuna. Maturubai yamefungwa upande wa bara, na nyaya za umeme zimekatisha nyuma yake. Upande wa baharini ndio ulio wazi. MC anawahimiza watu wasogee katikati wapate picha nzuri. Na upepo wa kaskazi unavuma kutoka baharini, unaonekana kabisa kwenye vile vitambaa vya mapambo.

Helikopta inapenda kutua ikiupa upepo uso. Kwa kaskazi hiyo, rubani alitakiwa aje kutokea bara, yaani apite chini chini juu ya nyaya na juu ya vichwa vyenu. Akija kutoka ule upande wa wazi, upepo unamsukuma mgongoni. Hapo ukishuka wima wima, taratibu, huku umekaza nguvu za injini, mashine inaanza kuzama ndani ya upepo wake yenyewe. Ukizidi kuvuta nguvu, ndivyo inavyozidi kuzama. Kujinasua unahitaji nafasi ya kwenda mbele au pembeni, na pembeni palikuwa na shangazi zangu wamevaa sare.

Bado vumbi. Chopa ya watu wanne kama Robinson R44 ikijaa inazidi tani moja, na tani hiyo yote inabebwa na hewa inayosukumwa chini. Juu ya mchanga mkavu, rubani anapoteza ardhi machoni katika zile sekunde anazoihitaji kuliko zote. Turubai likinyanyuka likaingia kwenye mapanga, msingekuwa mnadai hela leo. Bado joto. Nyuzi 33 pwani, injini na mapanga vinafanya kazi kana kwamba viko zaidi ya futi 2,000 juu, na mle ndani alikuwamo bwana harusi, msimamizi wake, na yule mpiga picha tunayemjua mwili wake.

Najua tulikoitoa hii tabia. Tangu Mbowe azunguke nayo kwenye kampeni za 2005, chopa kwetu ni kitu cha kutua popote penye umati, na umati ukikimbilia ndiyo raha yenyewe. Huku Marekani, umati ukikimbia kuelekea kwenye mashine, tunapaa. Panga la mkia likizunguka halionekani.

Niwaambie kilichonitokea mimi. Majira ya joto Florida hupiga radi karibu kila alasiri. Nilikuwa na mwanafunzi, tunarudi kutoka safari ya mafunzo, mawingu yakaanza kushuka mbele, kisha kushoto. Kilichobaki chini yetu kilikuwa malisho ya ng'ombe. Nikatafuta nguzo kwanza, maana waya hauonekani hewani, ila nguzo huonekana, na ukiona nguzo mbili jua kuna waya kati yake. Tukatua. Haikupita muda akaja mzee na pikapu, bunduki iko nyuma ya kiti. Nilijiandaa kwa maneno: mwanamke mweusi, lafudhi ya Temeke, kwenye shamba la mtu bila hodi. Mzee akauliza kama tumeumia. Akaondoka, akarudi na mikate yenye nyama na chai ya barafu yenye sukari ya kumaliza futari nzima. Akasogeza ng'ombe wake, akakaa nasi mpaka mvua ikaisha. Bosi wangu, mtu anayehesabu mpaka kalamu, hakuuliza neno moja la fedha. Alichotaka kujua ni kama mwanafunzi ameelewa kwa nini tulitua mapema, tungali tuna pa kuchagua.

Hapo ndipo ninapowaonea wivu wenzetu. Kwingine kote wananichosha. Dereva wa lori ananizidi mshahara, bima ya afya inakula kama kupe, na jirani tumeishi ukuta kwa ukuta bila kusalimiana. Lakini sijawahi kuitwa mwoga kwa kugeuza.

Na si kwamba wao hawaanguki. Tarehe 26 Januari 2020 Kobe Bryant, binti yake na wengine saba walikufa Calabasas, California. Injini zote mbili zilikuwa nzima. Rubani alikuwa na zaidi ya saa 8,000 angani. Wachunguzi wa NTSB, shirika la huku la kuchunguza ajali, walieleza kwamba aliendelea kuruka kwa kutegemea macho hadi akaingia mawinguni, akapoteza mwelekeo wa juu na chini, na wakataja shinikizo ambalo huenda alijiwekea mwenyewe la kumfikisha mteja wake. Mteja hakumlazimisha. Sasa huyo wa Goba alikuwa na mteja, msimamizi, mpiga picha na MC mwenye kipaza sauti. Sisi tuliomlilia mbunge Deo Filikunjombe na Kapteni William Silaa Oktoba 2015, chopa yao ilipoanguka Selous, ndio leo tunamtukana rubani aliyerudisha watu wakiwa wazima?

Wadogo zangu mlioingia inbox kuuliza "dada, nifanyeje niwe rubani huko", nawajibu hapa hapa, kwa sababu siku hizi nimechoka kurudia.

Nilifika kwa bahati nasibu ya grini kadi, kwa hiyo njia yangu si yenu. Usiku nilipanga maboksi kwenye bohari, mchana nilinunua saa moja moja ya R22, kijidege cha watu wawili. Saa moja inazidi dola 300. Zidisheni kwa bei ya benki, kisha mfikirie kodi ya chumba Tandika. Somo la kwanza lililonitoa jasho lilikuwa la kuzimikiwa na injini. Mwalimu wangu hakulifanya kwa kushtukiza, maana Robinson wenyewe wameonya kwamba kufunga mafuta ghafla kunaweza kuua. Unashusha wenzo wa kushoto, ule wa kupandisha na kushusha chopa, papo hapo, hewa inayopanda inaendelea kuzungusha mapanga, unateremka nayo, na karibu na ardhi unainua pua na kutumia mzunguko uliobaki kutua. Kwenye R22 "papo hapo" ni kama sekunde moja. Ukikaa kushangaa, mapanga yanapoteza kasi na hairudi.

Leseni ya kwanza Marekani inataka saa 40 za kuruka kwa uchache, ya kurusha kwa malipo saa 150, lakini watu wa kurusha watalii na wafanyakazi wa visima vya mafuta kwa kawaida wanataka karibu 1,000. Pengo hilo ndilo lililowala Watanzania. Shule nyingi hupokea wageni kwa viza ya M-1, ya wanafunzi wa ufundi, ambayo kazi inayoruhusu haizidi miezi sita ya mafunzo ya vitendo. Ukimaliza una leseni, una deni, na huna pa kupata saa. Kabla ya kuanza lazima TSA, watu wa usalama wa usafiri, wakukague, alama za vidole na vyote. Na leseni ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, haikuruhusu kushika chopa iliyosajiliwa Tanzania mpaka TCAA, mamlaka ya anga ya kwetu, waitambue.

Kabla hujauza kiwanja cha baba, nenda kwa daktari wa anga anayetambuliwa na TCAA, hapo hapo Dar, akupime macho, moyo na masikio. Wapo waliogundua tatizo wameshalipa ada. Halafu usilipe ada yote mkupuo, hata ofisi iwe na marumaru namna gani. Mwaka 2008 Silver State Helicopters, yenye makao Nevada, ilifunga milango ghafla, na wanafunzi zaidi ya 2,000 wakabaki na mikopo bila ndege. Weka hela kidogo, ruka, zikiisha ongeza. Shule ikikataa utaratibu huo, tafuta nyingine.