Alikuwa mwema sana

Kinu kipo mezani kwa ndugu yangu Salha, hapa Lisbon, kimeviringishwa kwenye gazeti la Kireno, na kila nikipita nakitazama kama mtu anayenidai. Ni kinu kidogo cha shaba, na mchi wake, kizuri kwa kutwangia iliki. Nimekinunua Jumamosi Feira da Ladra, lile gulio la vitu kuukuu la Jumanne na Jumamosi, nyuma ya kanisa la São Vicente de Fora. Bei ya kwanza euro 20. Nikakitoa kwa 12. Mwanamke wa Mombasa akipunguziwa euro nane Ulaya, haki yake atangaze mtaa mzima. Mimi nimenyamaza mpaka leo.

Gulio lenyewe ungelipenda. Watu wametandika mashuka chini, juu yake kila kitu: funguo zisizo na makufuli, medali za kijeshi, santuri, picha za harusi za watu ambao hata muuzaji hawajui. Salha alishanionya mapema nisiguse vigae vya bluu, kwa sababu vingine vimebanduliwa kwenye kuta za nyumba za watu na kuletwa pale. Kisha akaniacha, akaenda kutafuta masufuria. Upepo wa mto Tejo ulikuwa ukipanda mpaka kule kilimani, nami nikajitanda leso juu ya koti, ile ya zambarau mnayoijua.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja. Niliposhika kinu hakunitazama mimi, aliitazama leso. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuunga-unga natoka wapi. Nikamwambia. "Mombaça!" akasema, uso ukamchangamka. Yeye kazaliwa kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, wakaja Ureno 1975, nchi ilipopata uhuru. Wakati ule watu kama nusu milioni walihamia huku kutoka makoloni, wengine na sanduku moja. Sikuwa nimemuuliza hayo. Halafu akasema:

"Yaya wangu alikuwa akijifunga hivyohivyo." Akanionyesha kwa mikono alivyombeba mdogo wake.

Nami, sijui ulimi ulinitangulia vipi, nikamuuliza:

"Alikuwa akiitwa nani?"

Akakinyanyua kinu, akakiweka chini. Akageuza uso kulielekea kuba jeupe la Pantheon, maziko ya watu mashuhuri wa Ureno, pale pale jirani na gulio. Nilingoja. Nilijua anatafuta, nikamwachia nafasi atafute.

"Alikuwa mwema sana," akasema.

Kisha, kabla sijasema neno: "Basi, chukua kwa 12."

Ndiyo hayo tu. Hakunitukana, hakunidharau, na kama kuna mtu alinitazama kwa upole mji mzima huu basi ni yeye. Lakini tangu Jumamosi nikilala nasikia "alikuwa mwema sana". Hayo ndiyo maneno yetu ya matangani, tukikaa kwenye mkeka nyumbani kwa marehemu ambaye hatukumjua. Yaya kambeba, kamwogesha, kamlisha, na kilichobaki ni wema na namna ya kufunga nguo. Na zile euro nane, zilikuwa za nini? Kama nimepunguziwa kwa sababu ya uhodari wangu wa kupatana, sawa. Lakini mimi nilikuwa bado hata sijaanza kupatana.

Ndani ya lile kuba alilokuwa akilitazama ndimo alimozikwa Eusébio, yule mchezaji mpira, tangu 2015. Naye ni mzaliwa wa Msumbiji, Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo. Huyo jina lake hakuna mzee wa Lisbon anayelisahau.

Mengine ya wiki hii yamekwenda vizuri: Salha hatimaye amepata kadi yake ya ukaazi, na ofisini wameandika kwamba idara yetu inahamia Nairobi mwezi wa tisa, tutalizungumza siku nyingine.

Jumapili tulikwenda mtaa wa Belém. Nilikuwa nimejiandaa kwa Vasco da Gama, maana niliahidi hapa bloguni kwamba nitamsimamia kaburini nimwambie la moyoni kwa niaba ya watu wa Mombasa. Kalala kwenye kanisa la Jerónimos, karibu na mlango, kachongwa kwa jiwe jeupe, viganja vimekutana kifuani. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa kwenye kaburi hilo 1880. Mtu aliyetia nanga kwetu Aprili 1498, akaona Mombasa hapakaliki, akaenda zake Malindi. Nikasimama. Nikangoja hasira. Nikahisi njaa.

Kwa hiyo tukaingia foleni ya Pastéis de Belém, duka linalouza vile vitobosha vya mayai na maziwa tangu 1837. (Naviita vitobosha kwa kukosa jina, havifanani hata kidogo.) Salha aliuliza kwanza habari ya mafuta, akaridhika, tukala vikiwa moto, tumevinyunyizia mdalasini na sukari ya unga. Ganda linavunjika vipande vipande, katikati uji mzito uliobabuka juu. Nilikula vinne. Nawaambia ukweli, nimekula vyakula vingi vya kusifiwa nikajuta, hiki kimestahili foleni yake. Samaki wao wa kukaushwa kwa chumvi, bacalhau, yeye simtaki tena. Bahari iko pale mlangoni, ya nini kula samaki wa mbali aliyekauka kama ubao? Sambusa ziko kila kioski, zimefika na watu wa Goa na Msumbiji, ila hawatii limau.

Usiku ule ndipo nilipomweleza Salha habari ya yule mzee. Alikuwa akijipaka mafuta mikono, maana sabuni za kazini zinamkausha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Dada, hiyo ni biashara. Kila Mwafrika anayepita pale kaambiwa habari za yaya."

Nikakasirika. Yaani nimekosa usingizi kwa ajili ya yaya ambaye hata hakuwepo?

"Na hata kama alikuwepo," akaendelea, "mimi yule bibi wa mtaa wa Graça namwogesha kila asubuhi. Ana miaka tisini na mbili. Ananiita Lurdes. Nimemwambia naitwa Salha mpaka nimechoka. Sasa akiita Lurdes, naitika. Nami nifungue blogu?"

"Lurdes ni nani?"

"Nitajuaje! Labda mfanyakazi wake wa zamani. Labda dada yake. Akiwa na furaha ananishika shavu, ananiambia nimenenepa."

Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Salha hucheka kwa kukohoa, kama Baba, na nilikuwa nimesahau. Tukachemsha chai, tukatwanga iliki kwa kile kinu, kinatwanga vizuri ajabu.

Lakini si biashara, Salha, nakwambia hapa kwa sababu ukiwa mbele yangu hunipi nafasi. Aliponionyesha yule mzee jinsi yaya alivyombeba mdogo wake, mikono yake ilipita chini ya kwapa moja, ikapanda juu ya bega la pili, ikafunga fundo kifuani kisha ikalivuta kidogo upande ili lisimuumize mtoto. Ule mvuto wa mwisho huwezi kuubuni. Aliuona mara nyingi, akiwa chini, akingojea zamu yake.

Leo mchana nimempigia Mama kumwuliza ataka nini nimletee. Kasema dagaa wa kopo wa mafuta ya zeituni, na asiletewe sabuni tena. Nyuma yake nasikia nyundo. "Mpangaji wa chini huyo, anapanua duka kidogo." Kidogo vipi? Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi, ukuta haubomolewi bila ruhusa, na ukuta wa kati kule chini ndio unaobeba boriti zote za chumba cha Mama. Mpangaji hapokei simu yangu. Ndege yangu ni Alhamisi. Kama kuna jirani anayesoma hapa, namwomba apite leo kabla ya Magharibi, anitazamie ni ukuta upi.