Singe "ya Mahiwa": nipigie picha ya mgongo kwanza

Kwenye magrupu ya kuuza vitu vya zamani huku kwetu Lindi na Mtwara siku hizi kila singe (kile kisu cha kuchomeka mbele ya bunduki) ya Mjerumani imeokotwa Mahiwa. Ni kweli pale Wajerumani na Waingereza walipigana vibaya kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, 15 mpaka 18 Oktoba 1917, kwa hiyo stori inaingia kirahisi, muuzaji anamchomeka na babu yake humo humo na bei inapanda. Mimi stori siisikilizi. Namwambia kaka, nipigie picha ya mgongo wa singe, ule upande butu, pale karibu na mpini.

Hapo mgongoni mara nyingi unakuta wamegonga taji, chini yake W, halafu namba mbili za mwaka, yaani 15 ni 1915. Sasa juzi kuna mmoja katuma picha kali kabisa, ile modeli ya Mjerumani inayoitwa 98/05, inayotanuka kuelekea nchani, anadai babu aliivua kwa askari aliyekufa Mahiwa, naikuza picha naona W 17. Nikacheka peke yangu. Waingereza walikuwa wameziba bahari, meli ya mwisho kuwaletea Wajerumani silaha ni Marie, iliingia hapa hapa Sudi Machi 1916, na baada ya hapo hamna kitu, hata ile zepelini L 59, puto kubwa la Wajerumani lenye injini, iliyotoka Bulgaria kuwaletea mahitaji Novemba 1917 iliishia Sudan ikageuza. Na vita yenyewe ilikuwa Oktoba. Sasa singe ya 1917 ilipita njia gani kufika Mahiwa? Inaweza kuwa orijino ya Solingen kabisa, ule mji wa Ujerumani wa kutengeneza visu, sikatai, ila imeletwa na mtu baadaye, na bei ya Mahiwa haistahili. Nikamuuliza hivyo kwa upole tu, akanijibu "mzee wangu, mali ni orijino, huna hela sema", kisha akanibloku.

Ya Mwingereza nayo ina mtego wake. Watu wakiona imegongwa 1907 wanatangaza ni ya mwaka 1907, wakati hiyo ni modeli, mwaka wa kutengenezwa umeandikwa chini yake pamoja na mwezi, mfano 10 '16. Zile za mwanzo zilikuwa na ndoano kwenye kile chuma cha kukinga mkono, 1913 wakaiondoa, na kwa vile zenye ndoano ndo zina bei basi kuna watu wanachomelea, kwa hiyo omba picha ya pale inapoungana, mchana, bila flashi.

Kutu ndo inawadanganya wengi. Chuma kilichokaa miaka mia kwenye hewa ya chumvi kama yetu huwa cheusi cheusi, kahawia iliyoiva, kimeliwa huku zaidi kuliko kule. Ukiona rangi ya chungwa imetapakaa sawasawa kila mahali, jua kimelowekwa maji ya betri au chumvi wiki iliyopita. Na angalia herufi, hii kwangu ndo kubwa: kama bapa limeliwa na kutu lina mashimo ila taji na W vimesimama kingo kali kama vimegongwa jana, basi vimegongwa jana kweli, maana kutu haichagui pa kuruka. Kuna wengine wanapiga msasa mpaka singe inang'aa wakidhani wanasaidia, wanafuta muhuri wenyewe, hapo huna tena cha kusoma.

Mpini wa mpingo mzuri mzuri usikuchanganye, mafundi wa kuchonga tunao wengi huku na wanajua kazi, ila jeshi la Mjerumani halikuwa linaagiza vinyago.

Ah, na majambia. Nimeulizwa sana. Muuzaji akikwambia mpini ni pembe ya faru usianze hata kupatana bei. Kama anadanganya basi ni pembe ya ng'ombe, na kama ni kweli hizo ni nyara za serikali na kesi yake hailingani na hiyo discount anayokupa.