Leza nayo inalia

Leo nimeshinda maabara napiga leza kwenye bati la alumini, hadi saa hizi bado nasikia tak tak tak masikioni. Watu wengi ukiwatajia leza wanawaza mwanga tu, kumbe ikipiga chuma kwa nguvu inalia, tena inalia kweli. Pigo lenyewe ni la nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde, uso wa chuma unayeyuka unageuka mvuke, mvuke unakuwa plazma, yaani gesi ya moto mkali yenye chaji za umeme, plazma inatanuka haraka kuliko sauti inavyosafiri, basi hewa iliyo mbele inasukumwa inakuwa wimbi la mshtuko. Likishatembea kidogo linachoka, linabaki sauti ya kawaida, ndo hiyo tak.

Maikrofoni nimeiweka sentimita 10 kutoka pigo linapotua. Kwa kasi ya sauti hewani, mita 343 kwa sekunde, sauti ingefika baada ya maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) kama 290, ila kwenye oskiloskopu, ile mashine inayochora mawimbi ya umeme, inawahi kidogo, na utamu uko hapo manake hiyo tofauti ndo inakwambia mwanzoni wimbi lilikuwa linakimbia kiasi gani, yaani hewa ilipewa nishati kiasi gani.

Nyuma ya bati nimebana sensa ya piezo, inayogeuza mtetemo kuwa umeme, kwa grisi kidogo, na huko mambo ni mengine kabisa. Ndani ya alumini sauti inapita mita 6,000 kwa sekunde, kwa hiyo bati la milimita 6 inalivuka kwa maikrosekunde 1 hivi, wakati huohuo waya bado unatetemeka na kelele za umeme za leza yenyewe, sasa kazi kwako kuzitenganisha. Ukishusha nguvu hadi chuma kisimomonyoke, maikrofoni inakaribia kunyamaza lakini piezo bado inasikia, kwa sababu chuma kikipata joto ghafla kinatanuka na kujisukuma.

Ukubwa wa sauti ndo siuamini sana. Piga palepale mfululizo, sauti inashuka, sasa sijui ni shimo limeingia ndani, ni fokasi imepotea, au ni uchafu wa juu tu umeisha. Haimaanishi haina faida eh, kule Mars roboti ya Perseverance iliyotua Februari 2021 ina maikrofoni inayosikiliza leza yake ikipiga mawe, na jinsi sauti inavyopungua pigo baada ya pigo inawasaidia kujua jiwe ni gumu au laini. Ila mimi kwenye meza yangu nauamini muda zaidi.

Kesho naweka bati jipya halafu nisogeze maikrofoni mbali kidogo kidogo. Kule kuwahi kwa sauti kukibaki kulekule basi ni wimbi la mshtuko, kukizidi kadiri ninavyosogea basi ni joto la chumba tu limebadilisha kasi ya sauti na hesabu zote naanza upya.