Nyumba ya Babu Majira

Jumapili moja ya masika, mwaka 2014, tulikaa kimya saa moja na dakika arobaini kwa sababu hakukuwa na mtu wa kutumalizia ibada.

Sisi ni Marafiki, dhehebu la Kikristo. Wengine hutuita Wakweka, ila ukilisema hilo hapa watu hudhani unataja ukoo wa Kichaga. Ibada yetu haina mchungaji. Tunakaa kimya, mwenye neno lililomlemea anasimama, analisema, anakaa, na kimya kinarudi. Mwisho wake ni mkono: mzee mmoja anamgeukia aliye karibu naye, wanapeana mkono, basi, imekwisha. Kwetu mzee huyo alikuwa fundi saa aliyekaa siku zote kwenye kiti cha dirishani. Jumapili ile kiti kilikuwa kitupu. Sisi sita tuliobaki tukawa tunaibiana macho, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, mpaka mwenye darasa akaingia na ufagio.

Darasa lenyewe lilikuwa la chekechea, huko Ngamiani, Tanga mjini, tumelikodi kwa mwezi. Viti vilikuwa vya watoto wa miaka minne. Watu wazima na heshima zao, magoti yakigusa kidevu, ukutani a, e, i, o, u na picha ya tembo aliyepakwa rangi ya kijani.

Hatukuanzia hapo. Baba yangu alikuwa Mmaragoli kutoka magharibi ya Kenya, si mbali na Kaimosi, ambako Wamarekani watatu walifungua misheni ya Marafiki mwaka 1902. Alikuja Tanga na kazi ya reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, yeye akabaki upande huu na mke, watoto na Biblia yake. Kule kwao Marafiki wana wachungaji na nyimbo za kutikisa bati. Huku hatukuwa na mchungaji, kwa hiyo tukarudi kwenye kimya, njia ya kale ya George Fox na wenzake wa Uingereza ya karne ya 17. Tulikutana sebuleni kwetu. Mama husema kimya cha siku zile kilikuwa na harufu ya wali wa nazi, maana sufuria ilikuwa jikoni na hakuna aliyeondoka bila kula.

Baba alipofariki tukaona si vizuri kumsumbua mjane kila wiki. Tukakodi darasa. Tulidhani tunamhurumia Mama. Kumbe ndipo tulipoanza kupukutika, mmoja mmoja, bila ugomvi wowote, kutoka watu kumi na wanne hadi saba. Mji huu una msemo wake, waja leo waondoka leo, nasi tulikuwa tukiutimiza kila Jumapili: waja saa nne, waondoka saa tano.

Jumapili ya pili kiti kilikuwa kitupu tena. Ya tatu, Mama hakungoja hata tukae.

"Huyu mtu ama anaumwa ama kafa. Nani anapajua kwake?"

Kimya kilichofuata hakikuwa cha ibada. Miaka tisa tumeabudu naye. Dada mmoja muuguzi alikumbuka kumsikia akitaja Makorora. Simu hakuwa nayo, alisema zinamchanganya.

Tukaenda Makorora, watu sita na nguo zetu za Jumapili, tukikwepa madimbwi. Tuliuliza kwa jina lake la Kikristo kwenye maduka, kwa vijana wa bodaboda, kwa wazee waliokaa barazani wakicheza bao. Hakuna aliyemjua. Mwalimu mstaafu, ambaye ni mtu wa kukata tamaa mapema, alishaanza kusema labda alihama. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa akikaanga kachori akauliza, "Mrefu hivi, ana baiskeli, atengeneza saa?" Ndiyo! "Aa, Babu Majira huyo. Si mngesema!" Akamtuma mtoto atupeleke.

Kwenye mlango tulimkuta bibi mmoja mwenye kanga mbili, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakoroga uji ndani ya bakuli.

"Hodi hapa. Shikamoo, Bi."

"Marahaba, karibuni. Nyie wa wapi?"

"Sisi ni Marafiki," Mama akasema, kwa mazoea.

"Marafiki zake?"

"Ndiyo... yaani, dini yetu ndivyo iitwavyo."

Bibi akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kaanguka na baiskeli siku ya mvua kubwa. Leo siku ya kumi na saba. Uji nampa mimi, kuoga humwogesha mjukuu wangu. Hao marafiki walikuwa wapi?"

Hakulisema kwa hasira. Aliendelea kukoroga uji wake, na hapo ndipo palipouma.

Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, meza ya ufundi, na saa. Ukutani hazikupungua ishirini, na hapakuwa na mbili zilizokubaliana: moja saa mbili kasoro, nyingine saa kumi na dakika tano. Kopo la maziwa ya unga lilijaa saa za mkononi zisizo na mikanda, kila moja imefungiwa kikaratasi chenye jina.

"Za watu hizo," alisema mzee aliponiona nazitazama. "Hawajarudi kuzichukua. Siwezi kuziuza."

Alifurahi kutuona, tena kwa namna iliyotutia aibu zaidi. Alizungumza siku ile kuliko miaka tisa yote. Tukajua kumbe ni mtu wa Pemba. Kwamba bibi yake mzaa baba alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akapata kipande cha shamba Banani, ambako Marafiki wa Uingereza walianzisha misheni mwaka 1897, mwaka uleule utumwa ulipofutwa kisheria visiwani. Sisi tulikuwa tukijiona wazee wa imani hii hapa Tanga kwa sababu ya Baba na Kaimosi yake. Kumbe huyu aliyekaa dirishani alitutangulia kwa miaka mitano.

Halafu akanigeukia mimi. "Wewe wakaa Chumbageni. Geti la buluu, mwarobaini nje."

Nikashangaa. "Umepajuaje?"

"Nimepita na baiskeli mara mbili. Mara moja nilisikia mwatazama mpira." Akatabasamu. "Sikubisha. Nilidhani hampendi."

Alipajua kwa kila mmoja wetu. Kwa muuguzi, kwa mwalimu, hata chumba cha kijana mwanafunzi.

Tukakaa chini, wengine mkekani, wengine kizingitini, tukaingia kimya. Kimya gani, saa ishirini zinagonga tik-tik kila moja kwa mwendo wake! Bibi aliingia na bakuli, akaona hali, naye akakaa. Hakuna aliyesimama kusema neno. Mama alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Sijui tulikaa muda gani, na humo ndani usingeweza kujua. Kisha mzee akanyoosha mkono kumaliza ibada, na mkono ule haukuja kwetu. Alimpa yule bibi.

Muuguzi alimbonyeza nyonga, uso ukambadilika. Alasiri ileile tukampeleka hospitali kwa bajaji. Mfupa ulikuwa na ufa.

Darasa hatukuliacha siku ile. Sisi hatupigi kura. Tunazungumza mpaka karani aweze kuandika jambo ambalo wote wanalikubali, na hilo lilituchukua vikao vitatu. Mwalimu alisema ibada si mgahawa. Nilimwelewa: mkewe ndiye angepika. Tukakubaliana kila nyumba ilete chungu chake, na wanaume waoshe vyombo. Tukaanza kupokezana nyumba, na Babu Majira akiwa bado kitandani, zamu zake zote zikawa Makorora. Leo hatuko wengi, tuko kumi na mmoja. Lakini mtu akikohoa kwenye kimya najua ni kikohozi cha nani na kimeanza lini.

Zamu yangu ilipofika yeye alishaanza kutembea na fimbo. Nilitaka kumfuata, akakataa. Saa nne kasorobo nilikuwa jikoni nakuna nazi ya mwisho, nikasikia bajaji ikipunguza mwendo barabarani, na sauti yake ikimwelekeza dereva, "Bado, bado... hapo kwenye mwarobaini." Fimbo ikagonga geti mara tatu.

"Hodi!"